Mafuta ya Nabii

Mwalimu Sefu aliandika ubaoni neno "unctuous".

"Asili yake ni Kilatini, kupaka mafuta," alisema. "Siku hizi husemwa juu ya mtu wa maneno matamu mno, anayeteleza kama mafuta."

Dorkasi, mama mtu mzima katika darasa hilo la Kiingereza, alilinakili polepole, midomo ikicheza kama anayesali.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Nabii Elisante, mwenye ukumbi ule wa kanisa wanamosomea jioni, chupa ya mafuta mkononi.

"Mama yangu Dorkasi, chombo kiteule cha Mungu! Jumapili tuna wageni wazungu. Utawashuhudia kwa Kiingereza chako jinsi mafuta haya yalivyouponya mguu wako."

"Baba, mguu uliponywa na Mungu, kwa sindano za hospitali."

"Na hizo sindano alizibariki nani?" Nabii akacheka taratibu, akampaka mafuta usoni kabla hajakwepa. "Usininyime, mama. Hata ukumbi huu mnasomea kwa hisani yangu."

Mafuta yalimchuruzika Dorkasi hadi kwenye nyusi, yakinuka marashi. Jina la Mungu alilitamka kila alfajiri akiwa amepiga magoti. Hakutaka kulisikia likiteleza hivyo.

Akasimama, akaenda mbele kwa mguu wake uliopona, akachukua kitambaa cha kufutia ubao na kujisugua nacho paji la uso mpaka likawa jeupe kwa vumbi la chaki. Kisha akamkazia macho Nabii.

"Mwalimu," akasema, "hebu tusomee tena lile neno. Kwa sauti."