Katunge Mwenye Ndevu

Yule jamaa alisimama mbele ya pikipiki yangu pale Kawangware, akaangalia simu, akaniangalia mimi, akarudi kwa simu.

“Ramani inasema hapa ni Katunge.”

“Basi ndiye mimi,” nikamwambia. “Nimeota ndevu tangu nikuache.”

Wenzangu wa steji wakacheka. Yeye hakucheka. Anafanya kazi kwa ile kampuni iliyotuuzia pikipiki kwa mkopo, na chini ya kila kiti kuna kidude kinachomwonyesha pikipiki iko wapi. Katunge, mwenzetu wa boda, alikuwa mke wake mpaka alipotoroka, jicho likiwa limevimba. Ndiyo maana kila asubuhi, kule Soko la Toi kabla ya kuja steji, sisi wote tunabadilishana vile vidude kama watoto wanavyobadilishana gololi.

Katunge mwenyewe alikuwa kwa pikipiki ya tatu kutoka yangu, kioo cha helmeti kimeshushwa. Niliona vidole vyake vikiminya klachi mpaka kucha zikawa nyeupe.

“Mzee, wewe unajua aliko,” jamaa akasema polepole. “Nipeleke.”

Nikahakikisha tangi lina mafuta ya safari ya saa tatu, nikampa helmeti.

“Panda,” nikamwambia. “Ni hapo tu Kitui.”