Siku ya Kupima Mchanga

Kila mwaka mchanga ulio chini ya nyumba hupimwa. Ukikutwa umelegea, mtu mmoja huhamishwa ili nyumba ipungue uzito, na mwenye nyumba ndiye humtaja. Ndiyo maana tangu asubuhi Zamda alikuwa akihangaika kutoa vitu vizito na kuviweka uani: kinu, cherehani, hata kitanda alichorithi kwa mama yake.

Mpimaji, binti mpole aitwaye Nasra, alichota mchanga kwenye msingi, akautia mashineni na kuukandamiza, akitazama unavyobonyea. Zamda alikuwa akimletea bakuli la uji. Mumewe, Makame, alisimama mlangoni jasho likimtiririka.

"Majibu tayari, mzee," Nasra alisema. "Nyumba yenu..."

"Mke wangu!" Makame alidakia. "Andika Zamda. Mama yangu hajiwezi, na watoto ni damu yangu."

Bakuli lilimponyoka Zamda.

Nasra alimgeukia Makame. "Mzee, nilitaka kusema mchanga wenu ni imara. Hakuna wa kuhama."

Makame aliangua kicheko cha aliyeponea chupuchupu, akakimbilia kitanda uani. "Zamda, njoo ushike upande huu, tukirudishe ndani!"

Zamda alibaki palepale, uji ukimchuruzika miguuni, akiutazama mlango ule kama mlango wa nyumba ya watu.