Kiti cha Geti la Nyuma

Kila asubuhi Msigwa, msimamizi wa walinzi, alianza kazi kwa kugusa viti vyao. Kiti kikiwa cha moto, basi mwenyewe alilala hapo mpaka akaamshwa na mlio wa pikipiki ya Msigwa. Walinzi walimcheka, eti msimamizi anapima viti homa.

Leo kwenye geti la nyuma la ghala alikuta kufuli limekatwa na pampu mpya ya maji haipo. Mlinzi wa hapo alikuwa Chedi, shemeji yake, mdogo wa mkewe, tena kazi alimwombea yeye mwenyewe.

"Ulikuwa wapi, shemeji?"

"Hapahapa kwenye kiti, macho kodo mpaka kunakucha."

"Hukuinuka?"

"Hata kukojoa sikwenda. Kamuulize dada kama mimi ni mtu wa kuzurura."

Msigwa akashusha mkono kwenye kiti cha plastiki. Ukaloa. Umande ulikuwa umejaa kiti kizima, matone yametulia kama hakuna aliyekikalia tangu jana. Akamwangalia Chedi suruali. Kavu kabisa, na mstari wa pasi bado umesimama. Chedi akauona ule mkono uliolowa, tabasamu likamwishia mdomoni.

Honi ikalia nje. Mwenye ghala.

"Shemeji," Chedi akasema polepole, "dada atalia."

Gari lilipoingia, Msigwa alikuwa amekikalia kile kiti, matone yote yamefutika chini yake, umande ukimpenya suruali taratibu. Mwenye ghala akashuka, akamnyooshea mkono, akawa anangoja ainuke.