Kizibo cha Mwisho wa Waya

Kompyuta zote za maabara ya chuo ziliacha kuwasiliana ghafla. Mchoro wa saketi wa Bi Mghoi, kazi yake ya mtihani, ulikuwa haujafika kwenye printa ya jengo la pili, na ofisi yenye printa hiyo ilikaribia kufungwa.

"Nani kagusa waya?" aliuliza mwalimu Kisanga.

Bi Mghoi, mwanafunzi mwenye wajukuu wanne, alifungua kiganja chenye kizibo kidogo cha chuma.

"Kilikuwa mwisho wa waya, hakijaunganishwa na kitu. Nikakitoa nikifute vumbi."

"Mama, bila hicho ujumbe ukifika mwisho unarudi nyuma, unagongana na mwingine. Chenyewe kinaumeza."

"Kinaumeza, kinaupeleka wapi?"

"Hakiupeleki popote."

"Bibi katuzimia maabara yote," mwanafunzi mmoja alisema, wengine wakacheka.

Bi Mghoi hakucheka. Maisha yake yote aliomba akiamini kila neno lina mahali linapofika. Alikikaza kizibo, akautuma mchoro upya, kisha akasogea dirishani kuona kama umefika. Ng'ambo ya uwanja, katika jengo la pili, karani aliinama juu ya printa, akainuka mikono mitupu, akainama tena.