Njia ya Clairpuy

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na madam alikuwa ameinama kweli. Lois, mfanyakazi wake wa ndani, alipoingia na ndoo ya nguo katika chumba anacholala, alimkuta ameketi kitandani, kijitabu cha Clairpuy mkononi. Lois alikuwa amekificha chini ya godoro lake tangu Agosti iliyopita.

Clairpuy ni mji mdogo wa mvinyo huko Ufaransa. Kila kiangazi familia hukimbia joto la Jeddah, huiacha nyumba yao ya mtaa wa Aziziya na kwenda kukodi nyumba huko mwezi mzima, na Lois huchukuliwa pamoja na masanduku. Mkataba wake uliisha mwaka 2014. Huu ni 2016, na kafili, yaani baba mwenye nyumba aliye mdhamini wake kisheria, bado hataki kutia sahihi kibali arudi kwao Bungoma, ambako mwanawe sasa anamwita shangazi yake mama. Monicah, rafiki yake aliyeko Riyadh, alikuwa amemwambia kwenye simu: "Mkifika Ulaya mwaka huu, usirudi na hao watu. Toka tu, my dear." Zilibaki siku tisa wasafiri.

"Huu mstari wa kalamu ni wa nini?" madam aliuliza polepole. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, na tangu Jumanne hakukivua hata ndani ya nyumba.

"Ni historia tu, madam. Napenda kusoma."

"Basi nisomee."

Lois akaeleza kwamba mji umekaa juu ya mwamba mweupe, na mizabibu inateremka upande wa jua hadi mtoni. Kwamba zamani wadudu walikula mizizi yote, watu wakang'oa mashamba mazima na kuanza upya. Kwamba zamani zaidi, wakati wa vita vya dini, wenyeji walitoboa kuta za vyumba vya chini vya kuwekea mvinyo, wakaviunganisha nyumba kwa nyumba. Askari wakigonga mlangoni, wao wanatokea mtoni.

"Na nyumba tunayokodi?"

"Iko na hicho chumba pia, madam. Mlango uko nyuma ya mapipa. Unafunguka."

Akajuta papo hapo. Ulimi hauna mfupa.

"Kutoka mtoni mpaka stesheni?"

"Daraja moja. Dakika ishirini kwa miguu."

"Na mtoto wa miaka minne? Hataogopa giza?"

Layan, binti wa pekee wa madam, alikuwa na miaka minne. Kumbe haikuwa kesi ya kutoroka tu. Alikuwa anabambikiwa wizi wa mtoto, na kwa kesi ya namna hiyo mtu huingia ndani akasahauliwa.

"Haki ya Mungu, madam, mimi sijawahi kufikiria kumgusa Layan!"

"Nyamaza!"

Sebuleni kikombe cha gahawa kilitua mezani kwa kishindo. "Kuna nini huko?" Baba mwenye nyumba alikuwa ameinuka kitini, na nyayo zake zikaanza kuja koridoni.

Madam akasimama, akaenda mlangoni na kile kijitabu mkononi. Lois akajua halas, safari imeishia hapa. Akafumba macho aombe, lakini zaburi yote ilimpotea, akabaki anarudia neno la kwanza kama mtu mwenye kigugumizi.

"Mafi, hakuna kitu," alimsikia madam akisema kwa sauti laini. "Nampa kazi za kesho."

Nyayo zikarudi zilikotoka. Mlango ukafungwa taratibu, ufunguo ukazungushwa. Lois alipofumbua macho, madam alikuwa ameegemea mlango, kitambaa kimelegea, alama za vidole vya mumewe zimebaki shingoni.

"Wewe utabeba mkoba," alinong'ona. "Mimi nitambeba Layan."