Mpaka Kifike Hamsini

Skrubu ya mwisho ilipokazwa, Des Hallinan aliacha kupiga mluzi, maana sasa hakuna aliyeweza kumsikia.

Kifuniko cha kijumba cha nahodha, kwenye chombo cha mbio za baharini, kilikuwa cha plastiki ngumu, na kilifungwa kwa nje. Zamani kilikuwa na komeo la ndani, lakini siku moja upepo uliking'oa kikaruka kama sahani, na tangu hapo mke wake, Rhonda, ndiye aliyemfungia kwa bisibisi na ndiye aliyemfungulia. Humo ndani hamkuwa na nafasi hata ya kujikuna goti. Jasho lilimtiririka. Kila msimu alikichukia kijumba hiki zaidi, na kila msimu aliingia akipiga mluzi, kwa sababu mtu aliyeapa mbele ya baa nzima hawezi kuonekana anatetemeka.

Aliapa siku ya mazishi ya kaka yake, Alby, aliyekichora chombo chenyewe. Badala ya tanga kilikuwa na bawa moja refu, limesimama wima, gumu kama mlango. "Sitoki Corrigan mpaka kifike hamsini," Des alisema siku ile, bia mkononi. Maili hamsini za baharini kwa saa, kwa upepo mtupu.

Ahadi ni deni. Huu ulikuwa msimu wa tisa, na watu wa mji ule mdogo wa Corrigan hawakumwacha apumue. Hata mwenye duka la pai alimsalimu kila asubuhi, "Vipi, Bwana Hamsini, bado tuko nawe?"

Naye alikuwa amechoka kabisa. Alitaka kuhamia Adelaide kwa binti yao, amfundishe mjukuu wake kuendesha baiskeli, asinuse tena gundi wala chumvi. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Rhonda. Angeanzia wapi, na mama wa watu ameshampa misimu tisa ya maisha yake bila kunung'unika? Hata zile nyuzi nyekundu za sufu zilizobandikwa kwenye bawa, za kuonyesha upepo unavyopita, zilitoka kwenye kikapu chake cha kufuma.

Asubuhi, walipokuwa ufukweni wakiunga bawa, rafiki yao Clarrie, mpima upepo, alijikuna kichwa. "Kwa hesabu za Alby, mdudu huyu angeshapita hamsini zamani. Sijui nani anamvuta shati."

"Tumbo la nahodha," Rhonda alisema.

"Basi tuliache ufukweni. Na ukifika hamsini, Des, kesho yake utafanya nini? Utafuga kuku?"

Des alicheka. Rhonda hakucheka. "Usimtanie hivyo, Clarrie. Baba yangu aliuza kondoo wake wa mwisho mwezi wa tatu. Mwezi wa sita tukamzika."

Clarrie akajifanya ana shughuli na kipima upepo chake. Des, kwa kutaka kumchangamsha mkewe, akaanza kupiga mluzi, na kweli uso wake ukafunguka.

"Msikilize," Rhonda alimwambia Clarrie. "Utadhani ana miaka ishirini."

Sasa sauti ya Clarrie ilikoroma redioni. "Unakuja, ndugu yangu. Upepo wa mwaka. Usipokufikisha hamsini leo, nakula kofia yangu."

Nyuma ya chombo, mahali ambapo Des hakuweza kumwona, Rhonda alikuwa ameinama majini, maji yakimfika magotini. Ghuba ile ilijaa mwani, na konzi moja tu ya mwani huo ikining'inia kwenye pezi la chini ilitosha kuharibu safari. Kazi ya kulikagua pezi ilikuwa yake, na aliifanya mwisho kabisa.

"Pezi safi!" alipaza sauti, akakipiga kifuniko kofi. "Nenda, mpenzi. Nakuja nyuma yako na boti ya mpira."

Bawa likashika upepo. Chombo kile kilijua kwenda upande mmoja tu. Kurudi kilikokotwa na boti ya mpira. Ufukwe ukaanza kukimbia, kisha ukawa mstari mweupe. Meno ya Des yaligongana.

"Arobaini na tatu," redio ilisema. "Arobaini na saba. Des! Arobaini na tisa!"

Bado moja. Moja tu, Alby, nisaidie, nitoke humu. Aliiona baiskeli, aliuona mkono wake umeshika kiti kwa nyuma, mtoto akipiga kelele asiachiwe. Chombo kilitetemeka mkiani, kama kila mwaka.

Kisha sauti ya Clarrie ikarudi redioni, bila kelele.

"Imegoma hapo hapo, ndugu yangu. Pole sana."

Chombo kilipungua mwendo kikatulia kwenye kina kifupi. Des aliegemeza helmeti yake kwenye kifuniko. Mwaka mzima tena. Gundi tena, pai tena, Bwana Hamsini tena. Aliposikia injini ya boti ya mpira alianza kugonga kwa ngumi. "Rhonda! Nifungulie!"

Lakini Rhonda aliruka majini akapitia kwanza nyuma, akainama, akainuka na konzi inayochuruzika maji.

"Mwani!" alilia. "Mwani tena, mpenzi wangu! Usivunjike moyo, mwakani tupo!"

Akautupa nyuma yake bila kutazama, akarudi kwenye boti kutafuta bisibisi. Des alikunja midomo apige mluzi, ili mama wa watu asihuzunike, lakini pumzi haikutoka. Wimbi dogo likauleta ule mwani mpaka kwenye kidirisha cha pembeni, likaubandika kwenye kioo, karibu na pua yake.

Ulikuwa umefungwa katikati kwa uzi mwekundu wa sufu, ukakazwa fundo mara mbili.