Minyoo wa Profesa Gathogo

Benta aliwasha taa juu ya beseni, na minyoo thelathini wakaanza kujizika. Upande wa kushoto kulikuwa na mchanga wa matumbawe, mkubwa mkubwa. Kulia, tope laini. Wageni waliinama kutazama. Profesa Gathogo alisimama mbele yao, mikono nyuma, kama landilodi anayeonyesha vyumba.

Siku hiyo Daktari Maluki, mama aliyetoka Mombasa, ndiye angeamua ni majina ya nani yaandikwe juu ya utafiti wa minyoo wa miambani. Benta alitaka lake liwemo. Miaka saba ni yeye aliyepanda basi hadi pwani, akachota mchanga maji yakiwa yamekupwa, akarudi maabara ya Ruiru na ndoo mapajani, akawahesabu hao minyoo mmoja mmoja. Ripoti ya kwanza ilisahau jina lake. Ya pili ikasahau. Ya tatu ikamshukuru "mhudumu wa usafi". Benta hakusahau hata moja. Wiki iliyopita alipouliza kuhusu ya nne, Profesa alimwambia kuosha mabeseni hakuhitaji sahihi. Jina ni la mtu anayewajua minyoo.

Asubuhi hiyo Profesa alikuwa na swali moja tu: beseni liko tayari? Benta akasema liko.

Maluki alimwomba Profesa aeleze, naye akaeleza kwa raha zake. Alisema mnyoo wa miambani ni kama mpangaji wa Githurai 45, anatafuta chumba kinachopitisha hewa. Ndiyo maana anakimbilia matumbawe yenye nafasi. Tope linamkaba koo. Wageni wakacheka.

Profesa akapewa lenzi. Akachungulia muda mrefu.

"Angalieni hii miguu midogo ya ubavuni," alisema. "Ndiyo inamshikilia mawimbi yakipiga. Hawa nimekaa nao miaka saba. Nawajua kama watoto wangu."

Maluki naye akachungulia. Akafuta lenzi kwa leso, akachungulia tena. Kisha akachovya kidole ndani ya beseni, akakilamba, akamgeukia Benta.

"Benta, hebu na wewe niambie. Hawa wanapenda kuishi wapi?"

Profesa akatabasamu, akamwomba mgeni asimsumbue dada wa watu, yeye ni wa mabeseni tu.

"Wanapenda samadi, daktari," Benta alijibu. "Wale wa baharini walikufa wote Jumapili, stima ilipopotea na pampu ya hewa ikazima. Hawa ni nyungunyungu. Niliwachimba jana kwa zizi la Mama Tabby, kule Witeithie."